Kuitika Bila Kuitwa

Kuopio, Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ziwa limefumba mdomo wake wote
isipokuwa hapa gatini, tunapoogelea,
kwenye shimo lenye ukubwa wa meza ya watu kumi.
Pampu huyavuruga maji usiku kucha yasigande.
Pampu huamriwa na kisanduku.
Kisanduku nilikitengeneza mimi.

Kwa hiyo Aulikki Tenhunen, miaka sabini na minne,
alipofika alfajiri na taulo begani
akakuta barafu nene kama kamusi,
hakumpigia simu mwuza pampu.

"Tena," alisema. Neno hilo tu. Akakata.

Nikakibeba nyumbani, nikakifungua juu ya gazeti.
Lehemu inang'aa. Nyaya zimekaza. Kapasita haijavimba.
Chipu nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
na pembeni yake pini sita za rangi ya dhahabu
zimesimama kama mabua baada ya mavuno.
Kupitia hizo, Novemba, niliimiminia programu.
Dakika moja na nusu. Kisha nikachomoa waya,
nikakaza kifuniko, nikazisahau.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa;
hakuna aliyenionya juu ya sikio lililoachwa wazi.

Maana pini isiyoshikwa na kitu
haiko kwenye moja wala kwenye sifuri.
Inaelea. Inatega.
Mota ikizimika ikatema cheche, inasikia.
Sweta ya sufu ikipita karibu katika hewa hii kavu, inasikia.
Na moja kati ya sita, ile ya kuanzisha upya,
ikisikia mchakato wowote huamini imeitwa jina:
"Naam!"
Chipu nzima inaacha ilichokuwa ikifanya,
inarudi mstari wa kwanza.

Na mstari wa kwanza, niliouandika mwenyewe kwa tahadhari,
unasema: subiri dakika kumi kabla ya kuwasha pampu.

Ikasubiri. Dakika ya tisa, jokofu la kibanda cha kahawa likashtuka.
Naam! Ikasubiri upya.
Usiku kucha, mtiifu wangu huyu,
ikasubiri,
na ziwa likafunga.

Nilifikiria koleo. Nizikate zote, yaishe.
Lakini Machi jua litarudi, saa za pampu zitabadilika,
na sitaki kuingia kwa kubomoa ukuta.
Nilifikiria kuzifunga ardhini, waya kwa waya.
Lakini siku pini mojawapo ikitaka kusema volti tano
nami nimeishindilia sifuri kinywani,
kitakachozungumza ni moshi.

Basi, rizista. Omu elfu kumi:
mstari wa kahawia, mweusi, wa chungwa.
Kutoka pini ya kuanzisha upya hadi kwenye chanya,
mkono mwepesi begani, si pingu.
Ajaye na waya wake akaita kwa nguvu, ataitikiwa.
Upepo, hapana.
Pini mbili nikazishusha ardhini kwa upole uo huo.
Ya tatu nikaiamuru ndani ya programu itoe sifuri,
na iendelee kutoa sifuri hadi iambiwe vingine.
Mbili zilizobaki ni za umeme tu; hizo hazina neno.

Nilimweleza Aulikki haya gatini, meno yakigongana,
yeye amevaa vazi la kuogelea na kofia ya manyoya.
Miaka kumi na tisa alikuwa opereta wa simu huko Iisalmi.
"Kamba isiyochomekwa," alisema, "usiku wa theluji
ilikuwa inaniletea redio ya watu.
Tuliitundika kwenye ndoano yake.
Wewe ulisomea hilo miaka mitano?"

Akashuka ngazi. Maji yakamfika shingoni.
Hakupiga kelele, huwa hapigi.
Mimi nikabaki nimeinamia kisanduku,
nikihesabu dakika ya nane, ya tisa,
sweta yangu ikitoa vimeta gizani
na hakuna aliyeitika.